Kabla ununue saa ya laki nane, uliza kwanza nani ataitengeneza

Swali ninaloulizwa sana na watu wa nyumbani si baridi wala mshahara, ni saa. Naishi Biel, Uswizi, kampuni ya Omega ilihamia mji huu 1880 kabla hata haijaitwa hivyo na Rolex nao wana kiwanda hapa, kwa hivyo mtu akisikia tu niko Biel anataka kujua mkononi nimevaa gani, na nikimwambia ni Seiko 5, saa ya kawaida ya Kijapani, ya marehemu mzee wangu anadhani namficha. Juzi binamu yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia akaniambia ameweka kando shilingi laki nane, anataka moja ya ukweli, nimtafutie huku. Tuliongea sana lakini kwa simu mambo hayakutoka vizuri, acha niyaandike hapa yote.

Mimi sipingi saa ya bei. Naamini kabisa ina thamani yake, ila nimekaa mahali zinatengenezwa na nikaja kuona kwamba ile thamani inashikiliwa na watu, yaani yule anayeweza kuifungua baada ya miaka arobaini na kuirudisha ikitembea. Ukiwa mahali ambapo huyo mtu hayuko, ama yuko na hakuna anayemjali, umenunua bangili.

Kwanza tuondoe haya maneno ya kujua wakati. Saa ya kimekanika, ile ya springi na gia, hata iwe ya milioni ngapi haiwezi kushindana na Casio F-91W, ile ya plastiki ambayo iko sokoni tangu 1989 na Nairobi unaikuta kwa meza za barabarani. Casio wenyewe wanasema inaweza kukosea sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya Uswizi yenye cheti cha kronomita, yaani imepimwa na kuthibitishwa inatunza wakati vizuri, inaruhusiwa kwa wastani kupoteza hadi sekunde nne ama kuongeza hadi sekunde sita kwa siku moja, na hiyo ni ile imepita mtihani. Ndani ya saa ya betri kuna kijiwe cha kwatsi (quartz) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, ndani ya saa nyingi za kimekanika za leo kile kigurudumu cha kuhesabu wakati kinapiga mara nane kwa sekunde, sasa hapo utashindana aje. Na simu yako inaletewa wakati na mtandao bila wewe kugusa kitu. Kwa hivyo mtu asikuambie ananunua saa ya bei ndio asichelewe mkutano Upper Hill.

Watu wa huku walijua haya kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliweka Astron sokoni kule Tokyo, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuuzwa duniani, yen 450,000, pesa ambayo Japani ya wakati huo ungenunua nayo gari dogo. Miaka haikuwa mingi bei ikaanguka, kila mtu akapata ya betri, na viwanda vya Uswizi vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. 1970 kazi ya saa ilikuwa na watu karibu 90,000, kufika katikati ya miaka ya themanini walibaki elfu thelathini na kitu. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, na kwa mji kama huu hiyo inamaanisha wengi ninaowaogesha na kuwalisha walikuwa mezani kwenye hivyo viwanda. Kuna mama mmoja vidole vimepinda kwa baridi yabisi, ujana wake wote alikuwa akifunga zile springi nyembamba sana za ndani, na ameniambia siku walipofungiwa, mashine zilibebwa zikauzwa kwa uzito wa chuma. Anasema mshahara alijua atapata kwingine, kilichomliza ni zile mashine, kwa sababu mashine ikienda huwezi tena kumkalisha mtoto hapo ukamfundisha. Hayo maneno yamenikaa kichwani hadi leo.

Swatch, saa ya betri ya plastiki ya hapa Uswizi, ilitoka 1983, vipande 51 tu ndani yake, ikaleta pesa iliyoinua sekta tena. Lakini saa ya kimekanika yenyewe naona iliokolewa na watu waliokataa ujuzi ufe. Shule zilibaki. Hadi sai kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuingia uanagenzi wa saa, miaka minne kama anataka kuwa fundi kamili, anasoma na anakaa mezani kando ya mkubwa wake, na akimaliza cheti chake hakuna anayekidharau. Miji ya La Chaux-de-Fonds na Le Locle, ambayo mitaa yake ilipangwa ili madirisha ya mafundi yapate mwanga, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2009, na 2020 ufundi wenyewe nao ukatambuliwa, wa Uswizi pamoja na wa Ufaransa upande wa mpakani. Ndio maana mtu wa hapa anavaa saa ya babake ya miaka ya sitini bila wasiwasi, ikisimama ataipeleka mtaa wa pili, itafunguliwa, mafuta ya zamani yataoshwa, springi itabadilishwa, na ataendelea kuivaa. Hapo ndipo mimi naanza kuelewa bei.

Sasa njoo Nairobi. Kwetu saa imegeuka kitambulisho. Unaingia kikao Kilimani ama Westlands na kabla hujavuta kiti macho yameshatua mkononi. Mitandaoni watu wanachukua picha ya mwanasiasa, wanavuta karibu ule mkono, wanatafuta modeli, wanatafuta bei, na mimi nawaelewa kabisa, maana Juni 2024 vijana walikuwa barabarani juu ya mswada wa fedha, wanaambiwa waongezewe kodi, na wabunge wao wako kwa simu wanaonyesha saa na viatu. Ile hasira ilikuwa ya haki. Kitu kinachonihuzunisha ni kwamba mwaka haujaisha, kijana huyo huyo akipata pesa yake ya kwanza ya maana anatafuta saa ile ile, na asiyeipata pesa ananunua feki, na feki za siku hizi ni nzito, kioo kizuri, mshale wa sekunde unateleza vizuri, mimi mwenyewe nikiwa meza ya pili siwezi kuitambua. Simlaumu mtu wa feki. Anataka kusikilizwa tu. Kwa huo mji, mtu akivaa vibaya askari wa mlangoni anakusimamisha na mwenye saa anapita bila kuulizwa jina, hiyo nimeiona kwa macho yangu, na inaniuma kuliko hata hiyo feki.

Na sisi wa majuu tunaongeza moto. Mtu amepiga zamu za usiku mwaka mzima, amekopa, anashuka uwanja wa ndege wa JKIA Desemba na saa ya mishahara ya miezi minne ndio mjomba aseme kijana ameomoka, halafu Februari ananipigia nimsaidie na kodi ya nyumba. Tuwache. Tunawafunza wadogo zetu kitu kibaya sana. Huku Biel nimetunza wazee wenye mali kweli kweli na saa yao inakaa chini ya mkono wa shati, sisemi ni watakatifu, ni vile hakuna anayewapima kwayo mlangoni. Wala sisemi majuu yote ni hivyo, London watu wanaporwa Rolex mchana, sawa na vile nyumbani kila mtu anajua kufunga dirisha la matatu akikaribia mzunguko wa Globe, Nairobi.

Binamu alikuja na hoja ya uwekezaji, ati Rolex Daytona ya Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, iliuzwa New York 2017 kwa dola milioni 17.75. Ni kweli iliuzwa. Lakini hiyo ilikuwa saa ya yule mwigizaji mwenyewe, mkewe alikuwa amemchongea maneno nyuma aendeshe gari kwa uangalifu, wanunuzi walikuwa wanagombania historia ya mtu. Saa nyingi ukitoka nazo tu dukani bei imeshashuka, na hata zile chache zinazogombaniwa, walionunua mwanzo wa 2022 wakati bei zilikuwa zimepaa walizishuhudia zikianguka mwaka huo huo. Linganisha na nyumbani: Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali, ya asilimia 18.46 kwa mwaka, na hizo hazikatwi kodi, laki nane hapo ilikuwa ikuletee karibu laki moja na nusu kwa mwaka. Saa haitakutumia hata shilingi moja kwa M-Pesa, na kila baada ya miaka kadhaa yenyewe ndiyo inakudai. Ukitaka pesa izae peleka kwa Sacco ama bondi. Ukitaka saa, nunua kwa sababu unaipenda, na hiyo ni sababu tosha, sioni haja ya kuitafutia nyingine.

Nilipomuuliza "na ikisimama utaipeleka wapi?" ndipo alinyamaza. Maana saa za daraja hilo mara nyingi zinafungwa kwa boksi zinapelekwa ng'ambo, ukae miezi, ulipe bima, uhangaike na forodha. Na wakati huo huo, pale katikati ya Nairobi, mitaa ya River Road na Tom Mboya na kule Latema, kuna wazee wamekaa vibarazani na kameza kadogo ka kioo, lenzi jichoni, mikebe ya saa zilizokufa chini ya kiti, na tunawapita tukienda kupanda matatu.

Ile Seiko ya mzee iliacha kutembea nikiwa likizo nyumbani. Mzee alikuwa karani wa reli, hiyo saa aliivaa kazini na shambani, modeli za Seiko 5 zilianza 1963 na zilipendwa kwetu kwa sababu zinajijaza zenyewe ukitembea na zinaonyesha siku na tarehe kwa dirisha moja. Fundi mmoja wa River Road aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua mfuniko wa nyuma, akautega kwa mwanga, akanionyesha herufi ndogo zimekwaruzwa kwa ndani, mafundi huweka hizo alama kila wanapohudumia saa. Akazisoma kama mtu anasoma barua. "Hii ya kwanza ni ya mwalimu wangu, alikuwa anakaa hapo ng'ambo ya barabara, alishafariki. Hii ya pili siijui. Sasa mimi naweka yangu." Nikamuuliza, na wewe mzee unamfundisha nani? "Kijana wangu, vijana wote wako mtaa wa Luthuli wanatengeneza simu, na siwalaumu, simu ndio zinaharibika kila siku." Alichonitoza kilikuwa kidogo hadi nikaona aibu kulipa hicho peke yake.

Huyo mzee hana shule iliyomfundisha, hana mashine ya kupimia mapigo ya saa, spea anatoa kwa saa zilizokufa. Hata huku fundi wa kujitegemea analalamika, makampuni makubwa yamebana spea, wanauziwa wale waliosajiliwa nao tu. Lakini wa huku akizeeka kuna mwanagenzi kando yake. Wa River Road akienda anaenda na kila kitu, na hapo hata tukileta Nairobi saa zote za Geneva tutakuwa tumejaza mji vyuma vinavyosubiri kusimama.

Binamu nimemshauri anunue saa nzuri ya kimekanika ya bei ya kadri, Seiko ama Citizen, kitu fundi wa tao, yaani wa katikati ya jiji, anakijua ndani nje, ingine apeleke kwa bondi. Amekubali nusu, bado anawaza.

Upande wangu nimeanza kukusanya vifaa. Wazee wa huku wakifariki wanaacha droo zimejaa vibanio, bisibisi ndogo ndogo, lenzi, vifungulio vya mifuniko, na watoto wao hawana haja navyo, wengi wananipa bure nikieleza vinaenda wapi, na mashine ya kupima mapigo iliyotumika nimeshaiona moja ya bei ninayoweza. Wakenya wa Uswizi mnaosafiri na nafasi kwa mzigo, naomba mnibebee kidogo kidogo. Na kama unajua kijana, msichana ama mvulana, anayeishi karibu na tao, anayeweza kukaa mezani masaa bila kushika simu, niandikie. Fundi amekubali kumchukua, posho ya miezi ya kwanza nitailipa mimi na wenzangu wawili, na yeye masharti yake ni kwamba mtoto afike kabla ya saa tatu asubuhi na asiwe na haraka ya kufungua saa za wateja.