Sampuli Namba Nane

Shemeji yangu alisomea Ujerumani, na tangu arudi hanywi bia kama binadamu wengine. Mkaribishe baa pale Sinza, mhudumu aulize swali lake la kila siku, "Ya moto au ya baridi?", yeye ataanza kumfundisha nyuzijoto: pilsna inataka ubaridi, stauti ukiigandisha harufu yote inajificha. Mhudumu humsikiliza kwa adabu, kisha humletea ya moto.

Kwa hiyo aliponipigia simu kuniambia kwamba ameniteua kuwa mwamuzi wa bia, sikushangaa. Kilichonishangaza ni masharti. Nisijipulizie manukato siku hiyo. Nisile pilipili wala kitunguu tangu asubuhi. Nisipige mswaki karibu na muda wa kuja, dawa ya meno inauharibu ulimi. Nikamuuliza kama kuoga kunaruhusiwa. Akasema ndiyo, ila kwa sabuni isiyonukia.

Mjomba wangu alikuwa amefikia kwangu wiki ile, katoka Rombo kuja kutibiwa goti, na mzee wa watu huwezi kumwacha sebuleni peke yake na tamthilia za Kituruki. Nikamchukua. Mke wangu akanivuta pembeni. "Unampeleka mjomba kwenye bia za kuonja? Kuonja tu?" Nikamwambia atazoea.

Mbezi Beach, Jumamosi alasiri, joto la Februari, lile la kukutoa jasho umekaa. Shemeji katandika meza barazani: kitambaa cheupe, glasi ndogo ndogo, maji, bakuli la mkate mkavu wa kusafishia ulimi. Mwaka mzima alikuwa akikusanya chupa zake. Yeyote aliyesafiri Ulaya alipewa oda ya chupa mbili, zirudi ndani ya soksi. Waamuzi wengine walikuwa jirani yake, mhasibu mstaafu, na binti mmoja mfamasia mwenye pua kali.

Tukagawiwa karatasi za alama, alizozitafsiri mwenyewe kutoka zile za waamuzi wa bia wa Marekani. Jumla alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na 10 za maoni ya jumla. Mhasibu akatoa kalamu, akazijumlisha, akaridhika kwamba kweli ni 50, ndipo akakaa.

Chupa hatutaziona, Shemeji alieleza. Jikoni kuna dada wa pale nyumbani, binti wa Njombe. Yeye anamimina kila bia kwenye jagi lenye namba, analeta, sisi tunahukumu bila kujua tunamhukumu nani. Majagi yote kayanunua Kariakoo, seti moja, ya bluu yenye mfuniko mweupe. Moja halikuwa na namba. Hilo likawekwa katikati ya meza, la kumwagia masalio.

"La kumwagia nini?" Mjomba akauliza.

"Masalio, mzee. Ukishaonja, kinachobaki unakimimina humo."

Mjomba akageuka kunitazama, akitaka nimhakikishie kwamba kijana huyu katoka kwenye familia nzuri.

"Na ushukuru," Shemeji akaendelea, "wenzetu wa mvinyo wao wanatema kabisa. Sisi wa bia tunameza, maana uchungu wake unausikia vizuri nyuma ya ulimi, wakati wa kumeza."

"Hapo umesema, baba," Mjomba akajibu, akasogeza kiti.

Namba moja ilikuwa pilsna ya Kicheki, ikapita bila ugomvi. Namba mbili ndiyo iliyoanzisha kesi. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu yenye ukungu, na mfamasia hakuwa hata ameigusa na mdomo. "Karafuu," akasema. "Chumba cha daktari wa meno." Mimi nikasikia ndizi. Nikaona aibu kuandika ndizi, nikaandika "tunda". Shemeji akapiga meza kwa furaha. Bia ya ngano ya Bavaria! Ndizi ipo, karafuu ipo, na zote mbili hazimo ndani.

"Hazimo vipi?" Mjomba akauliza.

Akaelezwa kwamba ni kazi ya hamira. Aina ile ya hamira ikiwa inachachusha hutengeneza yenyewe kemikali zenye harufu ya ndizi na karafuu. Wajerumani tangu sheria yao ya mwaka 1516 kule Bavaria hawakuruhusiwa kutia kitu zaidi ya shayiri, maji na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na hiyo ngano nayo ilipenya kwa vibali vya wakubwa.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye mbege. Kwao ndizi mbivu zinapikwa siku nzima, zinalazwa zichachuke, ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikiwa uji, vyote vinachanganywa, watu hawalali. "Kwa hiyo," akasema hatimaye, "sisi migomba yote ile tunaikata ya nini?" Akaipa bia ya Bavaria alama 11. Alipoulizwa sababu akasema ni kwa udanganyifu.

Namba tatu ilikuwa IPA, bia chungu yenye hopsi nyingi. Mfamasia akaandika balungi na msonobari. Mjomba akaandika klorokwini. Mhasibu akachungulia, akafuta alichoandika, naye akaandika klorokwini. Lakini hapo Shemeji na Mjomba walipatana kwa dakika kama mbili hivi, maana Shemeji alisema Waingereza waliokuwa wakipeleka bia India kwa meli waliitia hopsi nyingi ili isiharibike njiani, na Mjomba akasema mbona ni kazi ya msesewe hiyo, gome la mti wanalotia Wachagga kwenye mbege ili utamu usizidi. Wakashikana mikono juu ya bakuli la mkate. Kisha Mjomba akasema msesewe ni bora, wakaachiana.

Namba nne haikuweza kufichwa, kwa sababu ya mbwembwe zake. Ilikuwa saida ya Asturias, kaskazini mwa Hispania, juisi ya matufaha iliyochachushwa. Saida ya huko haina povu, na desturi yao ni kuimimina kutoka juu sana: chupa umeinyanyua kichwani, glasi umeishika chini usawa wa paja, ili ikidondoka igonge glasi na kuamka. Shemeji alijifunza kwenye video. Akasimama, mkono mmoja juu, mmoja chini, macho yakitazama mbele maana mabingwa hawatazami. Saida ikatoka vizuri kabisa, ikapita mbali na glasi, ikatua kwenye kiatu cha mhasibu. Suede. Mhasibu hakusema neno. Kwenye mguso wa mdomoni akaandika sifuri, kisha akaongeza kwa mabano: haijafika.

Ya tano, lambiki ya Ubelgiji, inayoachwa usiku kucha kwenye beseni kubwa la wazi ili hamira ya hewani ijiingilie yenyewe, ilikuwa kali kuliko ndimu. Shemeji akatutaka tutafute ndani yake harufu ya blanketi la farasi, maana wataalamu huitafuta hiyo na wakiipata hufurahi. Tukanusa. Watu wazima wanne, Mbezi Beach, pua ndani ya glasi, tunamtafuta farasi. Mjomba akasema farasi hamfahamu, lakini punda yumo.

Ikaja goze, bia ya Leipzig kule Ujerumani, yenye chumvi na giligilani, ambayo Mjomba aliiita supu na kuuliza ndizi zake ziko wapi. Ikaja stauti, nyeusi tii, ina harufu ya kahawa kutokana na shayiri iliyokaangwa. Wakati wote huo jagi la katikati lilikuwa linapanda. Mfamasia alimwaga nusu, mimi robo, mhasibu alimwaga saida karibu yote kwa kisasi. Mjomba pekee hakumwaga hata tone.

Ndipo yakatangazwa mapumziko. Mjomba akasema anakwenda kunyoosha goti. Alilinyoosha hadi kwa muuza mishkaki wa kona, akarudi na gazeti lenye moto ndani. Sheria ilisema mkate mkavu tu. Lakini harufu ile ya nyama na mkaa, kwa mtu ambaye tangu asubuhi hajala kitunguu! Shemeji alipoingia ndani kuulizia sampuli iliyofuata, mishkaki ilizunguka meza kimyakimya, mfamasia naye akachukua wake. Tukasikia ndala zinarudi. Sisi wengine tulimeza. Mjomba, ambaye alikuwa bado na vipande viwili kwenye kijiti, alifunua jagi la katikati, akakizamisha chote, akafunika, akashika glasi ya maji.

Dakika hiyohiyo umeme ukakatika. Shemeji akapiga kelele bia zitapata moto, dada akatoka mbio, akakusanya kila kilichokuwa mezani, akakitia kwenye deli la barafu. Nilimwona anabeba na lile jagi. Sikuliwazia.

Jua likashuka kidogo, upepo wa bahari ukaanza, na sampuli namba nane ikaletwa. Shemeji alikuwa amebadilika. Alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali. Hii, akasema, asingeionja kwanza, atasikiliza sisi.

Rangi yake ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, na ukungu mzito. Mfamasia akanusa, akafumba macho, akanusa tena. "Hii ina matabaka," akasema. Mimi mwenyewe, na karatasi ninayo hadi leo, niliandika: "Inaanza na ndizi, inapita kwenye balungi, inageuka kuwa na uchachu safi, inamalizia na kahawa. Kuna chumvi kidogo." Mhasibu akasema kila funda linakuja na habari mpya. Na chini ya vyote hivyo, akasema mfamasia, kuna moshi. Mpole. Wa mkaa.

"Moshi mmeusikia?" Shemeji akauliza, sauti imekauka.

"Tumeusikia."

"Na pilipili," akasema Mjomba.

"Hizo ni fenoli, mzee, kemikali za harufu. Ndizo hutoa ukali ule. Fenoli za moshi."

Mimi nikatoa 43. Mfamasia 44. Mhasibu 42, baada ya kujumlisha mara mbili. Mjomba, ambaye hadi hapo hakuwa amempa mtu zaidi ya 20, akaandika 49. Moja kaikata kwa sababu glasi ni ndogo.

Shemeji akasimama. Namba nane, akasema, haikutoka Ulaya. Imetengenezwa hapahapa, kwenye banda la nyuma, kwa mikono yake. Ni bia ya moshi, kwa mfano wa zile za mji wa Bamberg, Ujerumani, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa kuni. Yeye katumia kuni za mwembe. Akaonja funda moja, akatikisa kichwa polepole, akasema moshi umejificha zaidi kuliko alivyotarajia, lakini huo ndio ukomavu. Tukapiga makofi. Akapiga picha karatasi zetu zote nne, akazirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mhasibu, kiatu kimeshasamehewa, akasogeza kiti na kuanza kuulizia mtaji, lita ngapi kwa mwezi, na leseni.

Dada akatokea mlangoni. "Kaka, niwaongezee? Bado ipo nusu jagi."

"Leta, leta!"

"Basi nilitaka kuuliza, yale majagi mengine niyaoshe? Maana lile la namba nane lenyewe nimeshaliosha."

"Namba nane si hii hapa?"

"Hapana, kaka. Ile ya namba nane ilikuwa imeungua. Nimefungua tu chupa, moshi mtupu, nikajua imeharibika. Hata kwetu ulanzi ukiharibika unaujua kwa harufu. Nikasema isije ikawaumiza wageni, nikaimwaga chupa zote." Akatutazama mmoja mmoja, akaona nyuso hazimwelewi. "Nikawaletea hii mliyokuwa mnaijaza wenyewe hapo mezani. Si mlikuwa mnaiweka akiba?"

Sijui nieleze vipi kimya kilichofuata. Mfamasia aliiweka glasi yake mezani, akaisogeza kwa kidole kimoja hadi ikafika kwa mwingine. Mhasibu alikuwa anatazama ndani ya yake, kisha akaingiza vidole viwili na kutoa kitu kidogo cha kahawia, akakiweka juu ya karatasi ya alama, kwenye kisanduku cha mwonekano. Kilikuwa kipande cha nyama, kimeiva vizuri.

Shemeji alikaa. Chupa zote. Alitaja idadi yake kwa Kijerumani, na hatukumwomba atafsiri. Kumkaripia dada hakuweza: binti kawaepusha wageni na bia iliyoungua, na kwa akili ya kawaida ya mtu yeyote asiyesoma Bamberg, alikuwa sahihi.

Simu yake ikaita kwa ujumbe. Akaisoma, akanipa mimi niisome kwa sauti, yeye hakuweza. Shangazi yake wa Moshi ameziona alama. Anasema Mungu ni mwema, katika ukoo wetu ametokea mtu wa kiwanda. Kipaimara cha mjukuu ni mwezi ujao, wageni ni wengi, anataka kreti tatu za hiyohiyo, isibadilishwe kitu. Ujumbe wa pili ulikuwa wa hela. Ameshatuma kianzio.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Mjomba, ambaye alikuwa amejimiminia ya nusu jagi iliyobaki na alikuwa anaendelea vizuri. Shemeji akageuza karatasi ya alama upande usioandikwa, akachukua kalamu ya mhasibu.

"Dada," akasema kwa upole mkubwa, "hebu nikumbushe. Mle ndani ya lile jagi, kulikuwa na kipi na kipi, na kwa kiasi gani?"

"Mimi nitajuaje, kaka? Mlikuwa mnajaza ninyi."

Akatugeukia sisi. Mfamasia akasema nusu ya IPA. Mhasibu akasema saida, nyingi. Mimi nikasema kila kitu, robo robo. Alikuwa anaandika yote.

"Andika na mshikaki," akasema Mjomba, anainua glasi aitazame kwenye mwanga. "Mmoja. Ulikuwa na pilipili."