Herufi Nne Zilizonipa Jina la Utani

Nikiwa darasa la tano, katika shule moja ya Eastlands ambayo sitaitaja, niliinuliwa nisome kwa sauti kifungu kuhusu ukame. Nilipofika kwenye “drought” nikanyamaza kidogo, nikapiga hesabu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba “cough” ni kof. Basi hili, nikaamua, ni droft. Kumbe ni draut. Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Mpaka namaliza darasa la nane niliitwa Drofti, na wapo watu wazima wenye vitambi pale Umoja ambao wakinikuta steji bado wananiita hivyo.

Wiki jana mpwa wangu, aliye gredi ya tano, alikuja kwangu na orodha ya maneno ya imla. Yote yana o-u-g-h. “Anko, hizi zinasomwaje?” Nikamsomea: “though” ni dho, “through” ni thruu, “tough” ni taf, “bough” ni bau, “thought” ni thoot, “thorough” ni thara. Akanitazama kama abiria ambaye konda amempandishia nauli katikati ya safari.

Jibu la haraka hapa Nairobi ni kwamba Kiingereza hakina akili. Nami nilikuwa nikilitoa jibu hilo, tena kwa uchungu wa Drofti. Siku hizi silitoi. Hizo gh zamani zilitamkwa. Ilikuwa sauti ya kooni, jirani kabisa wa kh unayoisikia wazee wa Mombasa wakisema kheri. “Night” lilikuwa na mkwaruzo katikati, kama Mjerumani anavyosema “Nacht” hadi leo, na “through” ni ndugu wa “durch” yake. Waandishi walitafuta herufi za kuishika sauti hiyo, wakaweka g na h. Mwaka 1476 William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa pale Westminster, wa kwanza Uingereza, na tahajia ikaanza kuganda polepole. Vinywa havikungoja. Mahali pengine ile sauti ikafa kabisa, kama katika “though”. Pengine ikatoka kooni ikaja midomoni ikawa f, kama katika “tough”. Irabu nazo zikahama, kila moja njia yake. Gh ikabaki kwenye karatasi kama kibao cha kinyozi aliyehama zamani.

Na si kila gh iliingia kwa haki. “Delight” lilitoka Kifaransa bila mkwaruzo wowote. Walilibandika gh kwa sababu tu lilifanana na “light”. “Ghost” lilipata h yake kwa wachapaji waliozoea maandishi ya Kiflemi, lugha ya Ubelgiji. Halafu kuna “hiccough”, yaani kwikwi, ambalo ni “hiccup” tu, ila mtu alidhani lina uhusiano na kikohozi. Hilo hunifurahisha kuliko yote. Kumbe wenyewe pia hushrabu, yaani huboronga maneno, ila wao wameshrabu kwa kalamu.

Wapo waliojaribu kufagia. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwaamuru wachapaji wa serikali ya Marekani waandike “tho” na “thru”; Bunge likagoma. Gazeti la Chicago Tribune lilianza mtindo kama huo mwaka 1934, likachoka mwaka 1975. Mimi naona bora walishindwa. Ukiiondoa gh kwenye “night”, umekata kamba inayolifunga na “Nacht”.

Lakini kabla hatujawacheka Waingereza, tujisikilize sisi. Kh tuliimaliza vizuri: wengi waliacha kuitamka, na Kiswahili Sanifu kikaandika habari na heri kwa h pekee, tukaibakiza sehemu chache kama masalkheri. Gh hatukuigusa. Ghali, ghafla, lugha, ghorofa. Sasa niambie, katika jiji hili ni wangapi wanaoitamka? Soja wa getini kwetu husema gorofa. Mimi mwenyewe hukaa gorofa ya nne. Tunaandika gh, tunasema g, kisha tunawashangaa waliofanya vivyo hivyo karne kadhaa kabla yetu.

Jirani yangu wa Kiambu anayo gh safi kabisa kooni, kwa sababu ndivyo g ya Gĩkũyũ inavyotamkwa. Akiitia kwenye “gari”, ploti nzima inacheka kwamba ameshrabu. Akifika kwenye “lugha”, yeye ndiye aliyesema sawa na sisi wenye meno nje ndio tumekosea, ila hapo hakuna anayecheka wala kumpongeza. Kicheko cha Nairobi hakijali nani yuko sahihi, kinajali nani ametoka wapi.

Ndiyo maana ombi langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya kalamu nyekundu, chukua dakika kumi uwasimulie watoto habari za hiyo sauti iliyokufa. Mtoto anayesoma droft hajalala darasani. Amefikiri: ameona “cough”, ameona herufi zilezile, akatumia kanuni mliyompa. Kosa ni la kanuni, na kanuni ina hadithi.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, au alijifanya. Akafunga daftari la Kiingereza, akatoa la Kiswahili. Kwenye insha yake palikuwa na duara jekundu juu ya neno moja: gorofa.

“Na hii je, Anko? Si hata wewe husema hivi?”

Nikamwambia aongeze h, tukale.