Kukata Upya Filamu ya Chuki

Mwaka 2004 Paul D. Miller, msanii mweusi wa Marekani anayejulikana kama DJ Spooky, aliichukua filamu ya The Birth of a Nation ya D. W. Griffith akaifanyia yale aliyozoea kuzifanyia santuri: akaikata, akairudiarudia, akaipanga upya. Kazi hiyo, Rebirth of a Nation, ilionyeshwa kwenye skrini tatu kwa pamoja, mwenyewe akiwa jukwaani anachanganya picha na muziki. Baadaye ikatoka kama filamu, muziki ukipigwa na Kronos Quartet, kundi la wanamuziki wanne wa ala za nyuzi.

Filamu ya Griffith ni ya mwaka 1915. Ni filamu bubu ya saa tatu hivi, inayowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, kama wakombozi wa majimbo ya Kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Rais Woodrow Wilson aliitazama Ikulu. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, ilipigania izuiwe. Kabla mwaka haujaisha, William Simmons alikuwa ameifufua Klan pale Stone Mountain, Georgia. Picha hizi, basi, hazikuishia kuudhi watu. Ziliwavika wengine kanzu na kofia za Klan.

Ndiyo maana siwezi kuwapuuza wanaosema Miller angeiacha izikwe. Mtazame Gus, mtu mweusi anayeigizwa na Walter Long, mzungu aliyepakwa masizi usoni. Anamfuata msichana msituni mpaka binti wa watu anajirusha kutoka gengeni. Weka mdundo wowote upendao, chora utakavyo juu ya picha: bado utamhofia msichana na utamchukia Gus. Griffith alikuwa fundi, na ufundi wake hauzimwi kirahisi. Zipo sehemu ndefu ambazo Miller, kwa maoni yangu, amemwachia uwanja.

Lakini kuizika haiwezekani. Hakimiliki yake Marekani ilishakwisha, na kwa miaka mingi imefundishwa kama somo la uhariri, eti mwanafunzi aitazame kamera na kuiacha chuki pembeni. Miller anaukataa utengano huo. Mistari na visanduku vyake, mfano wa michoro ya saketi za umeme, humwandama mwigizaji ndani ya picha na kukuelekeza pa kutazama. Hapo unashtuka kwamba Griffith naye alikuwa anakuelekeza tangu mwanzo, ila mkono wake aliuficha.

Kilichonivuta upande wa Miller ni tukio moja la mwishoni. Ni siku ya kupiga kura. Watu weusi wanatoka kwenye vibanda vyao na kukuta wapanda farasi wa Klan wamejipanga, bunduki mikononi. Wanatazama, kisha wanarudi ndani. Griffith alilipanga tukio hilo lishangiliwe. Kwa Miller muziki wa ushindi haupo tena, na unachokiona ni raia wanaorudishwa majumbani kwa mtutu wa bunduki, wasipige kura.