Mjomba kaangusha lori sebuleni

Nilinunua usukani wa gemu wa mtumba na pedeli zake, ila meza ya kuufungia sina, nikaubana kwenye ubao wa mama wa kupigia pasi. Msinicheke, ulikaa vizuri tu. Pedeli ndo zilikuwa zinateleza kwenye tailizi kila nikikanyaga breki, nikaziegemeza kwenye gunia la mchele.

Gemu yenyewe Euro Truck Simulator 2, ile ya Wacheki ya mwaka 2012, unavuta tela Ulaya nzima. Sasa usukani wangu una digrii 900, yaani raundi mbili na nusu toka kushoto mwisho mpaka kulia mwisho, na mimi kuzungusha mikono naona uvivu, nikaingia kwenye setingi nikaushusha mpaka 180. Ukigusa tu kona imekatika. Nilishazoea.

Jumapili mjomba akaja. Mjomba ni dereva wa malori wa kweli, Dar–Tunduma, Kitonga anaipanda huku anakula muhogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hili nalo gari gani, limebaki usukani tu?"

Nikamkalisha, nikamwekea chai yake pale pale kwenye ncha ya ubao. Tuko Ujerumani, tumebeba mzigo. Kwanza akashika kushoto kama kawaida yake, magari yote yanamjia usoni, akaanza kuwatukana Wajerumani wa watu kwamba leseni wamenunua. Nikamwambia mjomba kule wanaendesha kulia. Akahamia kulia ananung'unika, mbele kipilefti, akazungusha usukani kwa nguvu zake zote kama anavyozungusha lori lake, nao kwenye 180 robo raundi tu umefika mwisho, lori likakata kama bajaji na tela likalala chali.

"Mjomba, gari lako bovu! Usukani umekwama!"

Niliona aibu bwana. Nikarudisha 900 fasta, nikachomoa waya nikachomeka upya ili isome. Kitu ambacho sikumwambia, na ndo kosa langu, ni kwamba usukani ule ukichomekwa unajizungusha wenyewe kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, unajipima, una mota ndani. Ukaanza. Hamna mtu kaushika. Mjomba macho yakamtoka, ubao ukatetemeka, kile kichuma cha kuukunjia kikachomoka, ukapiga magoti mbele yetu taratibu kama ngamia, na usukani juu yake bado unazunguka.

"Ruka mjomba, breki hamna!"

Akaruka yeye, juu ya kochi, na viatu. Chai ikaingia kwenye gunia la mchele.

Mama katoka jikoni. Kaangalia ubao, kaangalia mchele, kaangalia mdogo wake kasimama kwenye kochi jipya.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Mjomba akaninyooshea kidole mimi.