Tuandikiwe saa za diski kwenye risiti

Nimelelewa Kisumu, sasa naishi Manchester, na karibu kila ninapokata tiketi ya kurudi hupokea ombi lile lile: niletee diski ya huko, za hapa ni feki. Wanazotaka ni diski ngumu za ndani, zile za inchi 3.5 zinazofungwa ndani ya kompyuta ya mezani, zilizotumika na kukarabatiwa. Mimi siamini kwamba za Kisumu ni feki. Diski ninayoweza kuinunua hapa na ile iliyo kwenye kabati la kioo pale Oginga Odinga Street mara nyingi zimepita njia moja.

Baadhi ya kampuni zenye vituo vikubwa vya data hazingoji diski ife. Waranti ya miaka mitano ikikaribia kwisha, diski hutolewa kwenye seva, zile kompyuta kubwa za kuhifadhia data, kwa mkupuo, hufutwa, hupimwa, kisha huuziwa wafanyabiashara wa vifaa vilivyotumika. Ofisi nazo hubadilisha kompyuta zao, zikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa, na ndizo hizo OptiPlex za kampuni ya Dell tunazoziita ex-UK. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski iliyowaka miaka mitano bila kuzimwa imefikisha saa 43,800, na bado inaweza kutumika miaka mingine kadhaa kama haikuchomwa na joto wala kuangushwa. Umri wake haunitishi. Ninachoogopa ni muuzaji asiyeutaja.

Hapo ndipo Uingereza na Kisumu zinapoachana. Sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inahusu hata bidhaa iliyotumika, mradi umeinunua kwa mfanyabiashara. Ikiwa na kasoro, au isipolingana na maelezo aliyoyatoa, una siku 30 za kuirudisha na kudai pesa zako zote. Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Kwa hiyo muuzaji wa hapa huandika mapema: imetumika, imewaka saa kadhaa, waranti ni ya muda fulani. Haandiki kwa sababu ana roho nzuri kuliko muuzaji wa kwetu. Anajua asipoandika ataipokea tena kwa posta, na gharama itakuwa yake.

Nimewahi kurudisha moja. Ilifika ikiwa kwenye bahasha nyepesi, na kipimo cha kwanza kikaonyesha sehemu zisizosomeka. Pesa zilirudi, lakini sikuzungumza na binadamu hata mmoja; ni fomu tu, na jibu la mashine.

Kisumu nasimama mbele ya fundi. Namwambia, "Boss, ichomeke kwanza niisikie," naye anaichomeka. Kama inagonga tik-tik wote wawili tunasikia. Anafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, na ndani ya dakika moja taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, ziko kwenye kioo: saa ilizowaka, joto, na mistari miwili ambayo mimi huitazama kabla ya kitu kingine chochote. Wa 05 ni sehemu zilizokufa na kuhamishwa, wa C5 ni zile zinazosubiri kuhamishwa. Yote miwili nataka isome sufuri. C7 ikiwa na namba, kwa kawaida tatizo ni waya, na waya hubadilishwa kwa pesa kidogo. Nafasi hii ya kupima kabla ya kulipa siipati Manchester, na inaniuma kuona watu wa nyumbani wakiiacha, wakalipa kwa M-Pesa na kuondoka na diski ambayo hakuna aliyeiwasha.

Halafu wanapewa risiti iliyopigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mtu akinunua gari lililotoka Japani huuliza limetembea kilomita ngapi kabla hata ya kuuliza bei. Diski nayo ina geji yake, na tunanunua bila kuisoma.

Shemeji yangu ana studio ya picha na video Kondele, na kazi zake nyingi ni harusi na matanga. Kwetu mazishi hupigwa video tangu jeneza linapotoka mochari hadi kaburi linapofunikwa, hotuba zote, nyimbo zote. Familia kutoka Siaya au Vihiga hurudi kwake baada ya miaka, wakitaka picha ya marehemu kwa ajili ya tangazo la ukumbusho, au kile kipande ambacho nyanya alizungumza, kwa kuwa nyanya naye ameshaenda. Siku aliponipigia akasema, "Shem, ile diski inalia," sikufikiria pesa. Nilifikiria watu hao, na atawaambia nini.

Kazi ya siku moja kwa kamera mbili yaweza kufika GB 200. Kwa intaneti ya kupandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni kama saa 44 bila laini kukatika hata mara moja. Huku kwangu picha hupanda mtandaoni zenyewe nikiwa nimelala, na diski iliyotumika ni nakala yangu ya ziada. Kwa shemeji diski ndiyo nakala yenyewe. Anayehitaji kujua ukweli wa diski kuliko mtu yeyote ndiye anayeuziwa bila kuambiwa, na hilo ndilo linalonikera.

Ulaya si peponi pia. Januari 2025 jarida la teknolojia la Heise la Ujerumani liliripoti diski za Exos za kampuni ya Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zimewaka maelfu ya saa, saa za SMART zikiwa zimerudishwa sufuri. Ulaghai uligunduliwa kwa sababu Seagate huweka kumbukumbu nyingine ndani ya diski, inayoitwa FARM, na hiyo haikuguswa. Programu ya smartctl kuanzia toleo la 7.4 huisoma. Fundi mwenye mfumo wa Linux kwenye flashi anaweza kulinganisha hesabu hizo mbili mbele yako. Sufuri peke yake pia si ushahidi wa wizi, kwa kuwa kiwanda kinapoipima upya diski na kuithibitisha hurudisha saa mwanzo kihalali. Muuzaji aseme tu kwamba ni ya namna hiyo.

Jambo jingine ni viunganishi. Diski za seva za aina ya SAS hufanana sana na hizi tunazotumia, za SATA, ila hazina ule mwanya katikati ya meno, na haziingii kwenye kompyuta ya kawaida. Zikiwa rahisi kupita kiasi, tazama hapo kwanza.

Na kuna stima, ambayo Manchester siifikirii kabisa. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ya Kenya iliingia gizani, lakini hata siku za kawaida stima hupotea studio ikiwa katikati ya kunakili, kisha ikarudi kwa kishindo, na radi za ukanda wa ziwa kila mtu anazijua. Kwa hiyo huwa nabishana na wanaotaka diski moja ya TB 8. Chukua mbili za TB 4, zilizotengenezwa nyakati tofauti ikiwezekana, na pesa inayobaki iingie kwenye UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta stima ikipotea. Moja ikae studio, nyingine ikimaliza kunakiliwa ichomolewe ikalale kwa ndugu Maseno. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Shemeji hajafika tatu bado, lakini ya Maseno ipo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi wa Kenya haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji. Ninachowaomba wenye maduka ya Kisumu, Kakamega na Nakuru ni mistari mitatu kwenye risiti: nambari iliyochapwa kwenye diski, saa zake siku ya kuuzwa, na siku saba za kuirudisha. Siku saba zinatosha. Kuisoma TB 4 yote kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde huchukua saa saba na ushee, yaani usiku mmoja, na kama kuna sehemu mbovu kipimo hicho kitazikuta. Duka litakalokubali nitalipa zaidi kidogo, na kila atakayeniomba nimbebee diski nitamtuma huko.