Tuonyesheni choo kwanza

Juzi kwenye grupu la wazazi ilitumwa picha ya ukuta. Ukuta wa mbele wa shule umepakwa rangi upya, krimu juu na bluu chini, na mchoraji ameandika kwa herufi ambazo hata dereva wa daladala anasoma bila kupunguza mwendo: DIRA, DHIMA, kisha MAADILI YETU. Nidhamu, Usafi, Uwajibikaji, Upendo. Haikuchukua muda grupu likajaa vikatuni vya makofi na "hongereni sana walimu". Mzazi mmoja akaandika kwamba sasa tunafanana na shule za private. Mimi nikauliza swali moja tu: vyoo vimefikia wapi? Kimya. Baadaye mtu akatuma tangazo la magodoro.

Sina ugomvi na rangi. Shule ikipendeza hata mtoto anatembea vizuri. Ugomvi wangu ni Usafi kuandikwa upande wa barabarani wakati kule nyuma kuna kitu kinachomfanya binti yangu akatae chai asubuhi. Yuko darasa la tano. Nilipombana ndipo akafunguka: akinywa chai, saa nne atabanwa, na choo cha wasichana mlango wa kwanza hauna komeo, wa pili haupo kabisa, na wa tatu "ndiyo ule". Sikuuliza ule una nini. Basi anatoka nyumbani bila kunywa kitu, anashinda hivyo juani na darasani, anarudi alasiri kichwa kinamgonga. Na jioni tunamkalisha mezani tukimhimiza asome kwa bidii.

Viwango vipo, jamani. Nchi hii haijawahi kupungukiwa viwango. Tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, darasa moja wanafunzi 45. Nenda shule yoyote ya msingi ya mjini iliyofurika, hesabu vichwa, hesabu matundu, kisha gawanya. Walimu wachache, najua. Madarasa yamejaa, najua. Uji wa saa nne umekuwa hadithi, hilo nalo tutaliandikia siku yake. Leo niacheni na choo.

Kwa sababu choo ndicho kinachosema ukweli kuhusu maadili ya shule. Watoto wanaambiwa waje na kidumu cha maji na ufagio. Sawa, hata sisi tulibeba, hakuna aliyekufa. Lakini hebu yafuatilie yale maji. Yanaanzia choo cha walimu, kile chenye kufuli, ambacho ufunguo wake anao mwalimu wa zamu. Kisha yanakwenda kwenye maua ya mbele ya ofisi, maana mgeni akija lazima akute maua. Yakibaki ndiyo yanafika kwa watoto walioyabeba kichwani toka nyumbani.

Halafu choo cha wanafunzi anakiosha nani? Aliyechelewa namba. Aliyepiga kelele, jina lake likaandikwa na monita. Yaani kitu ambacho ukutani ni maadili, huku nyuma ni adhabu. Mtoto anajifunza haraka sana: usafi ni kazi ya wakosaji, na mtu mwenye cheo ana ufunguo wake. Akikua akapewa ofisi ya umma, mnashangaa kwa nini anaweka kufuli?

Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ziwe jumuiya, walimu na wanafunzi wakifanya kazi pamoja. Pamoja! Ningelipa nauli kwenda kumwona mwalimu wa zamu ameshika fagio la chelewa.

Na wasichana wakubwa je? Wa darasa la sita na la saba wengi wameshavunja ungo. Choo bila komeo, bila maji, bila mahali pa kutupa pedi, kwa mtoto wa namna hiyo ni sababu ya kubaki nyumbani. Mwaka 2018 tulifuta VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 tukairudisha, tukaambiwa bei haikushuka. Haya. Lakini hata pedi ingekuwa ya bure, anaibadilishia wapi?

Nitasema hili kwa shingo upande: mwalimu mkuu si wa kulaumiwa peke yake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu, haziingii shuleni kama fedha. Zilizobaki ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, za chaki, mitihani, michezo, uendeshaji na ukarabati. Kwa hiyo ukiona bawaba ya mlango haijarekebishwa, usikimbilie kusema imeliwa. Ila rangi ya ukuta ilipatikana. Na mchoraji alilipwa.

Na sisi wazazi tusijifiche. Tumeshika "elimu ni bure" kama ngao, mtu anatoa laki mbili za kitchen party ya jirani lakini akiombwa elfu mbili za komeo anakutajia waraka. Waraka gani? Ule wa elimu bila malipo, namba 3 wa mwaka 2016, umeeleza wazi kwamba mzazi bado ana wajibu wake.

Msiniambie pia haiwezekani. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipowabana wakuu wa mikoa na wilaya kuhusu madawati, yalichongwa mpaka mengine yakakosa madarasa ya kuwekwa. Tukiamua tunaweza. Tatizo la choo ni kwamba hakipigi picha nzuri. Darasa jipya lina utepe wa kukata, lina hotuba, lina jiwe la msingi lenye jina. Nakiri siku hizi miradi mingi huja na matundu ya vyoo pamoja na madarasa, na vingine vina marumaru kuliko bafuni kwangu. Shida inaanza baada ya msafara kuondoka: maji hayajaunganishwa, bajeti ya sabuni haipo, na hakuna mtu ambaye ni kazi yake kukiangalia kesho.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Makomeo kwenye milango ya wasichana. Ndoo yenye koki na sabuni karibu na choo. Ratiba ya usafi inayozunguka kwa wanafunzi wote na walimu wao, na kuosha choo kufutwe kwenye orodha ya adhabu. Rangi tuipake baadaye.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Ajenda zimeshatumwa: kufungua kikao, taaluma, mchango wa mahafali ya darasa la saba, sare mpya. Nilipomwomba mwenyekiti aingize vyoo akanijibu, "Tutaliweka kwenye Mengineyo, dada." Mengineyo inafika saa nane mchana, watu wameshaanza kuaga mmoja mmoja. Nimemrudishia ujumbe kwamba nataka iwe namba mbili, kabla ya mahafali, na kikao kianze kwa wajumbe wote kuzunguka nyuma kwenda kuangalia. Alama za bluu zimeshaonekana, sasa nasubiri jibu.