Kifua kikishafunguliwa: hoja ya kutibu mapigo ya moyo hapo hapo

Hapa Tanga, mtu akiambiwa kwamba moyo wake unapiga bila mpangilio, hupewa dawa na ndugu zake wakashusha pumzi. Likitajwa neno upasuaji, nyuso hubadilika. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wa afya, kwamba kuupasua moyo kwa ajili ya mapigo ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba mgonjwa wa vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo, anayepelekwa Dar es Salaam ana mzigo wa kumtosha. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini naona imekosea mahali pa kuanzia. Inamfikiria mtu anayefunguliwa kifua kwa sababu ya mapigo peke yake, ilhali mgonjwa ninayemzungumzia atafunguliwa kifua kwa sababu ya vali, atake asitake.

Nina jirani wa siku nyingi pale Makorora, mama wa makamo, ambaye maumivu ya koo ya utotoni yalimletea homa ya baridi yabisi, nayo ikamwachia vali iliyosinyaa upande wa kushoto wa moyo. Damu isiyopita vizuri huirudisha nyuma presha, chemba ya juu hutanuka mwaka hata mwaka, na mwishowe mfumo wake wa umeme huvurugika. Ukimshika kifundo cha mkono unasikia mapigo mawili, kimya, kisha matatu ya harakaharaka, kisha moja hafifu. Ana daftari la shule ambamo binti yake huandika majibu ya kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na ambacho kwake kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Ukurasa wa mwisho nilioonyeshwa ulikuwa na 1.4, kisha 3.9, kisha 1.7. Vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hugawanywa kwa wembe juu ya sahani ya bati, na kila mboga ya majani ikizidi mezani, namba hushuka. Sidhani kama kuna mgonjwa mwenye bidii kumzidi, na bado namba hazitulii.

Namba hizo ni jambo zito, kwa sababu chemba inayotetemeka badala ya kusukuma huacha damu itulie, na damu iliyotulia huganda. Utafiti wa Framingham uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba mtetemo huo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5, na kwa mwenye vali iliyoharibiwa na baridi yabisi mara 17. Wengi walitumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji vipimo vya mara kwa mara zingemaliza tabu. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa baridi yabisi ya moyo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lililinganisha rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, na dawa za jamii ya warfarini, na waliotumia dawa ya zamani ndio waliokufa wachache zaidi. Kwa hiyo mama yule hana pa kuikimbilia dawa nyepesi. Daftari litabaki.

Upasuaji wenyewe wa kutibu mapigo si mgeni. Daktari James Cox aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1987 huko St. Louis, Marekani, akikata na kushona kuta za chemba za juu ili makovu yauzuie umeme uliopotea na kuuachia njia moja tu ya kushukia. Siku hizi sehemu kubwa ya makovu hayo hutengenezwa kwa joto au kwa baridi kali, si kwa kisu, na muda umepungua sana. Hatua nyingine, iliyo rahisi zaidi, ni kukifunga kifuko kidogo kilichochomoza kando ya chemba ya juu ya kushoto, ambamo mabonge ya damu hupenda kujificha.

Ni hiki kifuko ninachotaka tukitazame kwa makini. Katika jaribio la LAAOS III lililotolewa mwaka 2021, zaidi ya wagonjwa 4,700 wenye mtetemo, waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa moyo kwa sababu nyingine, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakafungwa kifuko, nusu wakaachwa. Baada ya wastani wa miaka 3.8, kiharusi au bonge lililosafiri mwilini liliwapata asilimia 4.8 ya waliofungwa na asilimia 7.0 ya walioachwa. Katika kila watu 1,000, hao ni 22 ambao hawakupooza mkono, hawakupoteza usemi, hawakuanza kulishwa na watoto wao. Tena zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa bado wanameza dawa ya kuzuia damu kuganda mwaka wa tatu. Faida ilipatikana juu ya dawa, si badala yake. Ndiyo maana nalifikiria lile daftari. Siku ambayo INR ni 1.4, na mama hajui kwamba ni 1.4, kifuko kilichofungwa kinaendelea kumlinda.

Wanaopinga wana hoja za kweli. Wagonjwa wa LAAOS III walikuwa wazee wa wastani wa miaka 71, na waliowekewa vali za chuma hawakuhusishwa. Tena kwa wagonjwa wa baridi yabisi ni takriban asilimia 57 tu ya mabonge yanayokutwa ndani ya kifuko, dhidi ya asilimia 91 kwa wasio na ugonjwa huo, hivyo faida kwao huenda ikawa ndogo zaidi. Na ule upasuaji wa makovu una gharama yake. Jaribio la mwaka 2015 kwa wagonjwa 260 wa vali lilionyesha kwamba asilimia 63 ya waliotengenezewa makovu hawakuwa na mtetemo baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 29 ya wengine, lakini waliohitaji kuwekewa betri ya moyo, kifaa cha kuendesha mapigo, walikuwa zaidi ya mara mbili ya wengine. Betri ya moyo kwa mtu wa Tanga maana yake ni safari za kilomita 350 kwenda kukaguliwa, maisha yake yote.

Kwa hiyo makovu ningeyaacha kwa uamuzi wa daktari na mgonjwa, hasa chemba ikiwa imetanuka kupita kiasi, kwani hapo hata makovu mazuri huweza kushindwa kuyarudisha mapigo. Kifuko ni jambo jingine: ni dakika chache ndani ya moyo ambao tayari uko mikononi mwa daktari, na kukiacha wazi kwa kisingizio cha kutomwongezea mgonjwa mzigo ni kumrudisha nyumbani na mzigo ule ule aliokwenda nao. Jirani yangu ameshapangiwa tarehe ya vali. Binti yake ameandika swali la kumuuliza daktari, chini ya ile 1.7, kabla hawajapanda basi pale Kange: je, na kile kifuko mtakifunga?